Mjane Aliyemcheka Mzimu

Adwoa Pinamang alikuwa mjane wa fundi friji, na kwa miezi kadhaa alikuwa mjane bora kuliko wote katika mtaa wetu hapa Kumasi. Cheo hicho hakukiomba, na kwa maelezo yake mwenyewe alikipata kwa wizi.

Mumewe, Asumadu, alikuwa na kibanda kando ya barabara iendayo sokoni, kimezungukwa na friji zisizo na milango na milango isiyo na friji. Hakuwa mtu wa maneno. Mteja angeeleza ugonjwa wa friji yake tangu ilipoanza kukohoa, na Asumadu angejibu, "Gesi." Au, kama hali ni mbaya, "Kompresa." Nyumbani hakuongeza mengi. Pinamang akipika, yeye anakula. Akisema "chumvi," ina maana imepungua au imezidi, na mke alishajua ni ipi kwa kumtazama nyusi. Waliishi hivyo miaka mingi, na watu wakasema ni ndoa nzuri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwasikia.

Kibanda kilipakana na banda la video la bwana mmoja aitwaye Manu. Kwa muda mrefu Manu alionyesha filamu za wengine, mpaka siku alipogundua kwamba kutengeneza filamu mbaya kiasi kile hata yeye anaweza. Akaazima kamera ya kupigia harusi, akatunga hadithi, akaipa jina *Marehemu Anasikia Baridi*. Mzee mmoja anafariki, ukoo wake unamweka mochwari muda mrefu mno ukijiandaa kwa mazishi ya fahari, naye marehemu anachoka kungoja na kurudi nyumbani kuuliza kulikoni.

Mochwari ilikuwa friza ya soda iliyoazimwa kwa Asumadu. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya marehemu alipoiona, akagoma. Kwetu mtu halali mahali pa maiti hivi hivi. Kifo lazima kiarifiwe mapema kwamba huu ni mchezo tu, kwa yai la kupasua na pombe kali ya kumwaga chini, na bwana yule alidai mayai mengi na pombe nyingi, ambayo nyingi yake isingefika chini. Bajeti ya Manu haikuwa na fungu la mayai. Asumadu alikuwa amekuja tu kuhakikisha friza yake haigongwigongwi. Alisikiliza mabishano, akavua viatu, akaingia ndani.

"Nimo humu kila siku," alisema.

Likatafutwa yai moja, likapasuliwa ili kuondoa maneno, na kazi ikaendelea. Sehemu ya Kwanza na ya Pili zilipigwa kwa pamoja, kwa sababu kamera ilikuwa inadaiwa na bwana harusi mwingine.

Kabla Manu hajamaliza kuunganisha picha zake, Asumadu alianguka kibandani akiwa na bisibisi mkononi. Presha. Wapo waliosema ni lile yai, kwamba moja halikutosha. Ukoo wake ukamweka mochwari, mochwari ya kweli, wiki baada ya wiki, huku nyumba ya ukoo ikipakwa rangi na kuwekewa geti jipya ili wageni wa msibani wasije wakasema. Pinamang aliishi katika vyumba viwili vya nyumba hiyo hiyo. Alipoulizwa rangi gani, alisema krimu.

Siku ya mazishi hakulia. Alikaa mahali pa mjane na nguo yake nyeusi, akaitazama picha kubwa ya Asumadu iliyopambwa kwa maua ya plastiki, na machozi hayakuja. Dada wa marehemu, Agyeiwaa, ambaye angeweza kulia hata kwa msiba wa mtu aliyemsikia redioni, alimtazama tangu asubuhi hadi jioni.

"Jicho kavu kama mbegu ya mahindi," aliwaambia wenzake, kwa sauti ya chini ambayo ilifika hadi kwa wapiga ngoma.

Neno kama hilo si dogo. Vyumba viwili vya Pinamang vilikuwa mali ya ukoo wa mume, na kwetu ukoo wa mume humtazama mjane kwa mwaka mzima wa nguo nyeusi kabla haujaamua kama ana haki ya kuendelea kulala mahali alipolala siku zote.

Filamu ilipokuwa tayari, Manu aliweka ubao nje ya banda lake. Mchoraji alikuwa amemchora Asumadu akitoka kwenye friza na macho mekundu, amezungukwa na nyoka ambao hawamo kwenye filamu. Pinamang aliupita ubao ule kila alipokwenda sokoni. Mchana mmoja hakuupita. Alijiambia anaingia kuona kama wamemdhalilisha mume wake.

Walikuwa wamemdhalilisha kabisa. Alikuwa amepakwa poda hadi ndani ya masikio na kuzibwa pua kwa pamba. Anaamka ndani ya friza, anagonga ukuta wake kwa kidole, anasikiliza, kisha anamwambia mlinzi wa mochwari, kwa sauti ya puani, "Gesi imeisha. Mnawatoza watu baridi ambayo haipo." Pamba moja inafyatuka puani na kumpata mlinzi jichoni. Mlinzi anakimbia, anagonga ukuta wa mochwari, ukuta unaanguka, na nyuma yake yupo mama mmoja anakaanga ndizi, ambaye anaitazama kamera, anaona haimhusu, anageuza ndizi.

Mzimu unafika nyumbani na kukuta ukoo uko juu ya ngazi, brashi mikononi. Unapaswa kupenya ukutani. Unaujaribu ukuta kwa bega, unashindwa, unazunguka na kuingia mlangoni, ukiomba radhi. Kisha unasimama uani, ukiwa na shuka na kandambili, unaitazama rangi.

"Mnapaka rangi," unasema. "Nilipokuwa hai niliwaambia paa linavuja."

Pinamang alicheka. Alicheka mpaka akajikunja, akajijaza pindo la nguo nyeusi mdomoni, akatokwa na machozi na kamasi, akashikilia benchi la mbele ambalo kwa bahati halikuwa na mtu. Kila alipoinua kichwa, mumewe alikuwa pale anafanya jambo jingine. Alimkimbia bata. Alimwomba mtoto sweta. Hakika bata yule hakuwemo kwenye hadithi.

Taa zilipowashwa, aliona aibu kama mtu aliyekutwa bafuni. Alitoka kichwa chini, macho yamevimba, pumzi haijamrudia. Mlangoni alikutana na muuza mikate, ambaye alimtazama usoni, akaweka sinia lake chini, akamshika mikono miwili.

"Pole mama. Pole sana. Ulikwenda kumwona?"

Pinamang alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli alikwenda kumwona.

"Lia tu, mama. Lia. Wanaosema hulii, Mungu anawaona."

Mikate husambaa mtaani kwetu haraka, na habari huenda nayo. Kufikia jioni ilijulikana kwamba mjane wa Asumadu aliingia bandani kwa Manu kuuangalia uso wa mume wake, na alitoka amechanika roho.

Alijiapiza kwamba harudi. Akarudi wiki iliyofuata. Safari hiyo alijiandaa. Njia nzima alikumbuka mochwari, alikumbuka jeneza, alikumbuka mikono ya Asumadu yenye harufu ya grisi. Aliketi benchi la nyuma akiwa na huzuni safi kabisa, aliyoipanga vizuri, nayo ilidumu mpaka pamba ilipofyatuka.

Ikawa kila wiki, kipindi cha mchana, ambapo watu ni wachache. Alijua sasa kila kitu: mahali ambapo maikrofoni inashuka juu ya kichwa cha mzimu na mzimu unainama kuipisha, mahali ambapo mzimu unatoweka lakini mbuzi aliye nyuma yake naye anahama ghafla hatua tatu. Kuijua hakukusaidia. Nyumbani alipiga magoti na kumwomba Mungu amsamehe. Katikati ya sala alikumbuka bata, akalazimika kusimama.

Na kadiri alivyocheka, ndivyo alivyoheshimiwa. Kanisani akina mama walimsogezea kiti cha mbele. Mchungaji alimtaja, bila jina, katika mahubiri juu ya uaminifu. Waume wa mtaa ule walianza kuwauliza wake zao, kwa utani wenye mfupa ndani yake, kama wao wangeliliwa hivyo.

Agyeiwaa naye akaja, na viazi vikuu na samaki wa kukaushwa kichwani. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa majuto. Aliketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake.

"Wifi," alisema, "mimi mdomo wangu huu utanipeleka pabaya."

"Umefanya nini tena, wifi?"

"Nilisema una jicho kavu."

"Nilisikia."

"Ulisikia? Nilinong'ona!"

"Wifi, wapiga ngoma walisikia."

Agyeiwaa alianza kulia papo hapo. "Nisamehe. Mimi nililia siku moja nikaenda kula. Wewe unalia kila wiki. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, na sijaweza hata kuingia mle bandani. Nitamwangaliaje? Wewe una moyo gani?"

Pinamang alitazama samaki. Hapo ndipo pangekuwa pahali pa kusema. Lakini Agyeiwaa alikuwa amemshika goti, na samaki walikuwa wazuri, na tangu alipoingia nyumba ile kama bibi harusi hakuwahi kuitwa wifi kwa sauti ile.

"Tuchemshe viazi," alisema.

Usiku alilala vibaya. Hakusumbuliwa sana na uongo. Uongo ulikuwa wa watu wenyewe, yeye aliuacha tu upite. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine. Aliona kwamba mtu ambaye yeye alikuwa anamsubiri wiki nzima, aliyemfanya achague kitambaa cha kichwa kabla ya kutoka, hakuwa Asumadu wa chumvi. Alikuwa yule mwenye poda. Kama angeambiwa achague nani arudi, alijua angechagua nani, na alijua ni jambo baya kumfanyia mtu aliyekufa.

Kisha ukafika wito kutoka kwa Nana Boahen, mkuu wa ukoo. Wazee walikuwa wamekaa uani, chini ya paa jipya la geti, na Manu alikuwa ameketishwa pembeni kwenye kigoda kifupi, magoti karibu na masikio.

Nana Boahen alikuwa mzee mpole, aliyesema polepole kama anayelipwa kwa neno.

"Binti yangu Pinamang. Mwanzo hatukukufahamu. Sasa tumekufahamu. Machozi yako yametuonyesha. Mwaka ukitimia, ukoo huu utakuvua nguo nyeusi kwa heshima, tutakuvika nyeupe, na vile vyumba ni vyako mpaka uzee. Hakuna atakayekuuliza."

Wazee wakaguna kukubali. Agyeiwaa akajifuta macho.

"Lakini," Nana Boahen aliendelea, "ukoo hauwezi kukaa ukitazama mjane wake akitoneshwa kidonda kila wiki. Kwa hiyo tumemwita huyu." Hakumtazama Manu. "Filamu hii inakoma. Ya kwanza, na hiyo ya pili ambayo bado. Ataleta diski zote hapa, tutazivunja."

"Nana, na hasara yangu?" alisema Manu.

"Kuna mtu amekuruhusu kusema?"

"Nauliza tu, Nana. Au niikate ile ya rangi? Kama tatizo ni ile ya rangi..."

Kuta za krimu zilikuwa pande zote.

"Nani ametaja rangi?" Nana Boahen aliuliza.

"Hakuna, Nana. Ila nikiikata haitaeleweka."

"Kwani sasa inaeleweka?"

Pinamang aliwatazama. Kichwani alivipima vyumba viwili, na samaki, na wifi, na kiti cha mbele kanisani. Upande wa pili palikuwa na mtu mwenye pamba puani ambaye kesho angevunjwa kwa nyundo.

"Nana, nisamehe. Mimi silii," alisema.

"Tunajua unajikaza, binti yangu."

"Sijikazi, Nana. Nacheka."

Agyeiwaa alimshika mkono. "Ni uchungu, Nana. Uchungu unamzungusha akili."

"Wifi, niache. Nacheka. Naingia mle nacheka mpaka tumbo linauma. Yale machozi ni ya kucheka. Muuza mikate alinikuta hivyo, na mimi nikanyamaza."

Mzee mmoja aliuliza, kwa ukali, "Unamcheka mumeo? Maiti?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Unacheka wapi?"

Akawaambia. Alianza na pamba, akiwa amejiinamia kama mshtakiwa, akaja kwenye ukuta na mama wa ndizi, akaja kwenye bata. Mzee mwingine, mwembamba, alianza kukohoa, akafunika uso kwa kofia na kukohoa ndani yake kwa muda mrefu. Ile ya rangi Pinamang aliiruka.

"Na huoni aibu?" Nana Boahen alisema.

"Naona, Nana. Siku marehemu alipotoka kupigwa picha kwa Manu alirudi nyumbani na poda kwenye nyusi. Nilikuwa napakua supu kwenye bakuli. Akasimama mlangoni, akaanza kunifanyia ile sauti ya puani. Mimi nikamwambia, kaa ule, mtu mzima wewe. Akakaa, akala. Hakunifanyia tena. Ningecheka siku ile, labda sasa ningeweza kulia."

Kwetu wazee hawatoi hukumu mbele ya mtu. Husema wanakwenda kumuuliza bikizee, kisha huinuka wote na kwenda nyuma ya jiko, ambako hakuna bikizee yeyote, wakanong'onezana. Walikwenda. Uani walibaki Pinamang, Agyeiwaa na Manu. Agyeiwaa alikuwa amehamisha kiti chake.

"Samaki wangu," alisema, akitazama ukutani.

"Nitakurudishia, wifi."

"Samaki aliyeliwa anarudishwaje? Na usiniite wifi."

Bikizee alichukua muda. Ilisikika kule nyuma sauti moja ikiuliza, "Bata wa nani lakini?" na nyingine ikimnyamazisha.

Waliporudi, Nana Boahen alisema bikizee amekasirika. Pinamang atatoa kondoo wa kumtuliza marehemu. Atavaa nyeusi nusu mwaka zaidi, kwa kuwa miezi aliyovaa akicheka haihesabiki. Kuhusu vyumba, wataangalia siku nguo itakapovuliwa, wala asitegemee. Filamu waiache, maana kama hakuna anayelia hakuna wa kuhurumiwa. Ila Manu aiondoe ile ya rangi. Na kwa sababu Sehemu ya Pili inakuja na mjane huyu anaonekana hana breki, ataingia na Agyeiwaa pembeni yake, asije akalifedhehesha jina la ukoo mbele za watu.

Pinamang alishukuru, kama desturi inavyotaka, akapeana mikono na kila mzee kuanzia kulia. Yule mwembamba alimbana kidole kidogo, akaangalia pembeni.

Adhabu ile ilimwongezea nusu mwaka wa kulala mlemle, jambo ambalo bikizee, kwa hasira zake, hakulipigia hesabu. Kanisani kiti cha mbele kilipata mwenyewe mwingine. Mchungaji alihubiri juu ya unafiki.

Sehemu ya Pili ilipoanza, banda lilijaa hadi madirishani. Nusu walikuja kumwona mzimu na nusu walikuja kumwona mjane. Manu alikuwa mlangoni, amevaa tai.

"Mama, karibu. Umekuja na askari wako."

Agyeiwaa alimpita.

"Hii ya pili ni kali," Manu alisema. "Umemaliza kuicheka ya kwanza, njoo."

"Na ya tatu lini?" Pinamang aliuliza, kwa kuwa filamu zetu haziishii ya pili.

"Ya tatu ngumu, mama. Mwigizaji hapatikani."

Alisema kama anavyosema kwa kila mteja, kisha akasikia alichokisema, akaanza kuirekebisha tai yake ambayo haikuwa na kosa.

Walikaa benchi la katikati. Mzimu ulitokea mapema, poda mpya, na banda zima lilipiga kelele za furaha. Ulitaka kuzikwa leo leo. Ulibeba jeneza lake mwenyewe kichwani mtaani, ukiuliza njia ya makaburini, na kila uliyemuuliza alianza kwanza kujadili bei ya jeneza. Uligombana na mchimba kaburi kuhusu kina. Watu walikuwa wanapigana mgongoni. Mzimu ulipata kaburi, ukaingia jenezani, ukavuta kifuniko, ukakifungua tena na kusema hakuna hewa, ukakivuta, ukakifungua tena kuuliza kama kuna mtu amekumbuka sweta. Kila kifuniko kilipofunguka banda lilipasuka upya. Pinamang alikuwa anahesabu kwa macho muda uliobaki, kama mtu anayetazama mshumaa, na mara ya mwisho kifuniko kilipofungwa alijua kwamba hakitafunguliwa tena, ingawa waliomzunguka bado walikuwa wanangoja.

Agyeiwaa alimfinya paja.

"Umeambiwa usicheke."

"Sicheki," Pinamang alisema.

"Na mabega hayo yanayotikisika ni ya nani? Wifi, watu wanatutazama!"

Kweli walikuwa wanatazama. Benchi la mbele liligeuka zima, meno nje, na mtu mmoja akasema, "Si niliwaambia? Tazama anavyocheka huyu mama!" Muuza mikate, aliyekuwa amesimama dirishani, alisonya.

Pinamang alijaza pindo la nguo nyeusi mdomoni na kuinamisha kichwa magotini. Angeweza kuwaambia kwamba machozi haya si ya kucheka. Wangeamini wachache, na Agyeiwaa angekuwa wa kwanza, angemkumbatia, na kesho wangeletwa samaki. Aliona hastahili samaki. Akawaacha waseme anacheka.